Kiwanja Kilichotangulia Abiria

Mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, una uwanja wa ndege wenye jengo la kuhudumia abiria 125,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, kuanzia Oldonyiro hadi Garba Tulla na Merti. Ukiziweka nambari hizo mbili pamoja, linazuka swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa: abiria hao watatoka wapi, na wanaenda wapi?

Rais Uhuru Kenyatta aliufungua uwanja huo mwaka 2017, baada ya ujenzi uliogharimu takriban shilingi bilioni 2.7. Kampuni ndogo za ndege zilijaribu kusafirisha watu kati ya Isiolo na Nairobi, kisha zikaacha. Ndege za kimataifa za ratiba, ambazo ndizo zilizoupa uwanja hadhi yake kwenye karatasi, hazikuja. Jengo lipo, mnara upo, ua upo. Kilichokosekana ni msafiri.

Kisa hiki kinafaa kusimuliwa kwa utulivu, kwa maana miji ya Afrika Mashariki inapanuka mbio na kila mmoja unaahidiwa reli, barabara kuu au kituo cha kisasa. Isiolo imekwisha kutulipia karo ya somo hili. Tusipojifunza, tutalipa tena.

Ndoto yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Isiolo ni njia panda. Barabara inayopanda kutoka Nairobi kupitia Nanyuki inagawanyika hapo: moja inaelekea Marsabit na Moyale, nyingine Wajir na Mandera. Kwa miongo mingi lami iliishia hapo, na kizuizi cha polisi kikawa kama mpaka. Watu wa kaskazini walipoanza safari ya kusini walisema wanaenda Kenya. Serikali ilipotangaza mpango wa maendeleo wa Ruwaza ya 2030 mwaka 2008, na baadaye LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa Lamu Machi 2012 mbele ya Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, wenyeji walikuwa na haki ya kufurahi. Kwenye ramani, Isiolo ilikuwa mahali ambapo reli, bomba la mafuta na barabara kuu zingekutana. Jiji la mapumziko lingejengwa upande wa Kipsing. Jiji la aina hiyo lingehitaji uwanja wa ndege.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Uwanja ulipimwa kwa kipimo cha jiji ambalo halikuwapo. Mwaka 2016 Uganda iliamua kupitisha mafuta yake Tanga, Tanzania, na bomba la Kenya likapoteza mshirika mkubwa. Gati la kwanza la bandari ya Lamu halikufunguliwa hadi 2021. Reli ya kutoka Lamu haikufika. Jiji la mapumziko likabaki mchoro, huku bei za ploti zikipanda kwa sababu ya uvumi wa mchoro huo. Mambo yote ambayo yangeleta abiria yalichelewa au yalikwenda kwingine. Uwanja ukawa umetangulia peke yake.

Hata ndani ya uwanja wenyewe vipande havikulingana. Jengo la abiria ni kubwa, lakini njia ya kurukia ndege ina urefu wa kilomita 1.4. Njia ya Uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi inapita kilomita 4. Isiolo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua lake linajulikana. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kupaa. Ndege kubwa ya abiria au ya mizigo haiwezi kuruka hapo ikiwa imejaa. Mipango ya kuirefusha njia hiyo imetajwa mara nyingi. Yaani nyumba ya wageni ilijengwa kwanza, ndipo ikatazamwa kama mlango unawatosha wageni wenyewe.

Watetezi wa mradi walikuwa na jibu moja zuri: miraa. Mashamba yake ya Igembe na Maua, katika kaunti jirani ya Meru, yako karibu na Isiolo kuliko Nairobi. Miraa ikishavunwa haingoji, siku mbili tu thamani yake inaporomoka. Ndiyo maana pikapu za miraa hukimbia kwa kasi ya kutisha hadi Nairobi, kuwahi ndege za Mogadishu katika uwanja wa Wilson. Kuzipakia ndege hizo Isiolo kungeokoa muda na maisha. Njia za Wilson nazo hazifiki kilomita 2, kwa hiyo urefu peke yake haukuwa kikwazo kwa ndege ndogo. Lakini biashara ya mizigo haihami kwa sababu kuna lami na uzio. Inataka ghala, mafuta ya ndege, maofisa wa forodha, mafundi, na madalali waliozoea kukutana hapo kila asubuhi. Vilevile inataka soko. Uingereza ilianza kuipiga miraa marufuku Juni 2014, na Somalia ikafunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Mradi uliotegemea zao moja na wanunuzi wachache ulijikuta umeshika kamba iliyokatika.

Na abiria wa kawaida? Yeye hafanyi hesabu ya muda wa ndege kuwa angani. Anahesabu tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapofungua mlango wa ofisi, hospitali au duka anakokwenda. Kutoka Isiolo hadi Nairobi kwa matatu ni takriban saa tano. Akienda kwa ndege, atatafuta bodaboda ya kumfikisha uwanjani, angoje, aruke, ashuke Wilson, kisha akutane na msongamano wa Barabara ya Lang'ata. Muda anaouokoa ni mdogo, pesa anazoongeza ni nyingi. Hakuna tangazo linaloweza kuibadili hesabu hiyo.

Wapo pia waliolipa bila kupanda ndege hata moja. Uwanja ulipopanuliwa, familia zilizokuwa zikiishi pembeni yake zilihamishwa na kuahidiwa ploti kwingine. Kwa wengi ahadi hiyo iligeuka kuwa miaka ya mikutano na stakabadhi, nyingine zikigongana juu ya kipande kimoja cha ardhi. Mtu akiambiwa ahame ili nchi isonge mbele, akakubali, kisha akauona uwanja ukikaa mtupu huku yeye angali anafuatilia ploti yake, jeraha lake huwa mara mbili. Mradi wa usafiri ukiwahamisha watu, deni lao lilipwe kabla ya utepe kukatwa.

Sasa geuka utazame upande wa pili wa mji huohuo. Katika muongo huohuo lami ilitandazwa kutoka Isiolo kupitia Archer's Post, Laisamis na Marsabit hadi Moyale, umbali wa kilomita zipatazo 500. Kabla ya hapo safari hiyo ilikuwa ya siku mbili au tatu juu ya lori la ng'ombe, abiria wameshika vyuma, wakiomba wasikutane na majambazi wala mvua. Kufikia 2017 lami ilikuwa imekamilika, na safari ya siku kadhaa ikawa ya saa kadhaa. Mabasi yalijaa bila kubembelezwa. Mbona yalijaa? Kwa sababu watu walikuwa wakisafiri njia hiyo tangu zamani, kwa shida. Maji hufuata mkondo. Barabara ya Moyale ilichimbwa pale mkondo ulipokuwa.

Ukitaka kuuona mkondo huo kwa macho, fuata maziwa ya ngamia. Wafugaji wa Kulamawe na maeneo ya jirani hukama alfajiri. Maziwa hutiwa kwenye mitungi iliyofukizwa moshi, hufungwa nyuma ya pikipiki au kupandishwa kwenye gari linalopita, na kuletwa mjini. Hapo wanawake wauzaji, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, huyapokea, huyapima, huyanusa, huyakataa yaliyoharibika, kisha huyapakia kwenye basi la Nairobi. Huko, katika mtaa wa Eastleigh, kuna mwenzao anayengoja. Mitungi mitupu hurudi kwa basi hilohilo. Hakuna ofisi iliyobuni mtandao huu. Pikipiki, gari, basi na simu ya mkononi vimeunganishwa na watu wanaojua kwamba kiungo kimoja kikichelewa, maziwa yanachacha na siku inapotea.

Mtandao huu ndio usafiri halisi wa umma wa Isiolo, na ndio ulionyimwa pesa. Njia ya Merti bado ni ya udongo. Mvua ikizidi na Ewaso Ng'iro ukifura, mgonjwa wa Merti hukwama, awe karibu na uwanja wa kimataifa au asiwe. Mama anayeshushwa na basi la usiku kwenye lami hukosa kivuli cha kungojea, choo, taa, na namna ya kufika nyumbani isipokuwa bodaboda yoyote atakayoipata kwa bei yoyote atakayotajiwa. Kiasi kidogo cha zile bilioni 2.7 kingenunua madaraja madogo na steji nyingi.

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la maskini. Kanada ilifungua uwanja wa Mirabel nje ya Montreal mwaka 1975, juu ya ardhi kubwa iliyochukuliwa kutoka kwa wakulima. Treni ya kuuunganisha na jiji iliahidiwa, haikujengwa. Wasafiri wakachoka na umbali. Mwaka 2004 ndege za abiria ziliondoka kabisa, na miaka 10 baadaye jengo likaanza kubomolewa. Nchi tajiri, wahandisi hodari, kosa lilelile: kituo kilikuja, kiungo hakikuja.

Nairobi nayo ijiangalie. Mamlaka ya usafiri ya eneo zima la jiji, NaMATA, iliundwa 2017 kuziunganisha kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wazo ni zuri, maana mfanyakazi anayelala Kitengela na kuamkia Westlands haujui mpaka wa kaunti. Lakini mwaka 2018 Barabara ya Thika ilichorwa mstari mwekundu wa mabasi ya haraka, na mabasi hayakuja. Rangi ilifika kabla ya basi. Dar es Salaam ilifanya vizuri zaidi Mei 2016 ilipozindua mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwa sababu ilifuata Barabara ya Morogoro, ambako daladala zilikuwa zimejaa miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo karakana yake iliwekwa Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi, na mafuriko yakayafuata mabasi mpaka yalikolala. Hapo napo wakazi wa bonde wangeulizwa, wangesema.

Funzo la Isiolo, basi, ni hili: msafiri ahesabiwe kwanza, kituo kijengwe baadaye. Kuhesabu maana yake ni kutuma watu steji alfajiri na usiku, sokoni siku ya mnada wa mifugo, zahanati siku ya kliniki, waandike nani anaenda wapi, kwa chombo gani, kwa bei gani, na amekwama wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la usafiri ni watu. Baada ya hapo kiungo dhaifu kitengenezwe kabla ya kile kinachopendeza kwenye picha. Mradi usipewe sifa kwa ukubwa wa jengo. Upimwe kwa viti vilivyokaliwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano.

Nafasi ya kulitumia funzo hili ipo sasa hivi. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2020 fedha za kusaidia barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, njia ya kilomita zaidi ya 700. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zikae na wachuuzi wa maziwa, madereva, wafugaji na wauguzi kabla ya kuamua basi litasimama wapi. Ardhi ya steji itengwe leo, kabla haijanyakuliwa. Barabara za kutoka vijijini kuifikia lami zijengwe pamoja na lami yenyewe. Uwanja wa ndege nao usitupwe. Upewe kazi unayoiweza: ndege ndogo za wagonjwa, watalii wa Samburu, Buffalo Springs na Shaba, na mizigo midogo, ikiwa ghala na huduma zitakuwapo. Na waliohamishwa kwa ajili yake wapewe ploti zao, zenye hati, bila kuzungushwa tena.

Kila kiongozi atakayesimama mbele ya watu wa Isiolo, Garissa, Nairobi au Dar es Salaam akiwaahidi kituo kikubwa, aulizwe papo hapo: umewahesabu wasafiri wangapi, na mtu wa mwisho kijijini atafikaje hapo? Asiyekuwa na jibu asipewe fedha zetu mpaka alipate.