Chungu cha Elisha na sahani ya ndugu yako

Masomo: 2 Wafalme 4:38-41, Warumi 14:1-15



Kulikuwa na njaa katika nchi siku zile Elisha aliporudi Gilgali. Wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake, chungu kikubwa kiko motoni. Mmoja wao akatoka shambani na nguo iliyojaa matunda ya mwitu, akayakatakata, akayatia ndani bila mtu kujua ni kitu gani. Walipoonja tu, wakalia kwamba chakula kile kina kifo, wakaacha kula.

Wahubiri wengi hupita mbio hapa ili wafike kwenye muujiza wa unga. Sisi leo tusimame kwanza. Elisha hakuwakemea. Hakuwaambia kwamba imani yao ni haba, wameze tu kwa jina la Bwana. Hakusema wanamdharau mtu aliyehangaika kutafuta mboga wakati wa njaa. Nabii yule aliyemfufua mtoto wa Mshunami alisadiki neno la watu waliosema, chakula hiki hatuwezi kula.

Na sisi tulifanya nini? Tunasema kwa haya. Katika parokia yetu kuna mama mmoja ambaye tangu utoto karanga ni adui wa mwili wake. Siku ya karamu alikuja na sahani yake ya nyumbani, imefunikwa. Maneno yakaanza. Wengine walisema ana kiburi, wengine kwamba anatuona sisi ni wachawi. Mmoja akamsomea Luka 10:8, pale Bwana anapowaagiza wajumbe wake wale vinavyowekwa mbele yao. Mama akaona haya, akapokea sombe yetu. Aliambiwa haina karanga. Kumbe ilitiwa kijiko kimoja, kwa ajili ya utamu.

Haikupita muda, midomo ikavimba, vipele vikajaa mwilini, sauti ikakauka, pumzi ikawa ya taabu. Tukamzunguka, tukaanza kufukuza pepo. Ni kijana mmoja aliyepiga kelele kwamba abebwe upesi. Akapelekwa kwa pikipiki kwenye kituo cha afya, muuguzi akamchoma sindano ya adrenalini pajani, na Mungu akaturudishia mama yetu. Maombi yale hatuyajutii. Tunajutia dakika tulizokaa naye chini wakati pikipiki ilikuwa mlangoni.

Ndugu, ugonjwa huu una jina: alerji. Mungu ameweka ndani ya mwili askari wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wengine askari hawa wanakosea, wanaona chakula chema kama adui, nao wanapigana nacho mpaka wanamwumiza mwenye nyumba. Karanga, samaki, mayai, maziwa, ngano, vyote vinaweza kuleta vita hiyo. Kukaanga au kuchemsha karanga hakuondoi hatari. Hata mwiko uliotoka kwenye sufuria ya karanga ukaingia kwenye sufuria nyingine unaweza kutosha. Mtu akianza kukosa pumzi, au akizimia, tumlaze, tusimpe chakula wala kinywaji, tumpeleke kwa munganga mara moja tukiomba njiani. Kama pumzi ndiyo inamsumbua, aachwe akae. Na akipata nafuu asikimbilie nyumbani, kwa maana shida inaweza kurudi baada ya saa chache.

Lakini hatusemi kwamba kila tumbo linalouma ni alerji. Watu wazima wengi wa kwetu wakinywa maziwa matupu tumbo linajaa na kuharisha, kwa sababu mwili umepunguza nguvu ya kusaga sukari ya maziwa. Hiyo ni taabu, lakini haiui, na mara nyingi maziwa yaliyogandishwa hayawasumbui sana. Wala tusiwanyime wake zetu na watoto mayai kwa sababu ya ndoto au miiko ya mababu, halafu tukaiita alerji. Mwenye mashaka aende kwa munganga aulizwe vizuri: alikula nini, baada ya muda gani, nini kilitokea.

Turudi kwa Luka 10:8. Bwana alikuwa anatuma watu wa kuhubiri, wasihamehame nyumba wakitafuta meza yenye mafuta. Neno hilo linakataa ulafi wa mgeni. Hakulitoa liwe fimbo ya mwenye nyumba. Mtume Paulo anatuambia tusimwangamize kwa chakula chetu mtu ambaye Kristo alimfia. Pia alilijua tumbo la Timotheo, akamwandikia shauri juu yake (wengine hulipenda andiko lile kwa sababu ya divai, lakini hiyo si habari ya leo).

Na sisi ndio watu gani wa kumcheka mwenye kukataa chakula? Sisi hatuli nguruwe, hatuli nyani, pombe hatugusi. Tumekaa kwenye harusi za majirani na chupa ya maji mbele yetu, tukachekwa. Tunajua uchungu wake.

Wengine wanauliza: mama huyu akiombewa, je, asionje kidogo ili tuone kama amepona? Hapana. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu aone kama malaika watamshika, na Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Tunaomba uponyaji, na watoto wengine alerji huwaacha wakikua. Kupima ni kazi ya munganga, mbele ya dawa.

Mama mwenyewe haishi kwa huzuni. Anakula bugali wa muhogo, sombe ya mawese, ndagala, ndizi, lengalenga, viazi vitamu. Maharagwe ni ya ukoo mmoja na karanga, lakini hayamdhuru, na ndivyo ilivyo kwa wengi wenye shida yake. Anayeugua kwa ngano naye ana muhogo, mahindi, mchele na mtama, vyote havina ile gluteni inayomsumbua. Wazazi wenye mtoto wa namna hii wawaambie wauguzi mapema, maana ile paste wanayopewa watoto waliokonda, iliyotengenezwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1996, kwa kawaida ni ya karanga na maziwa.

Tangu siku ile mama wa jikoni wamepanga hivi: sufuria moja inapikwa kwanza, kabla karanga haijafunguliwa, na mwiko wake hauazimwi. Inafungwa kitambaa cha kijani. Mpishi akiulizwa kilichomo, anajibu chote, hata kijiko kimoja. Katika karamu iliyopita mama alipakua mwenyewe, akaketi katikati yetu, na watoto wakaanza kupanga foleni kwenye sufuria yake kwa sababu sombe ile ilikuwa na mawese mengi kuliko yetu.