Kopo la Tatu

Wiki chache baada ya usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala la kambi ya jeshi pale Gongo la Mboto na sisi wa Ukonga tukakimbia na watoto mgongoni bila kujua tunakimbilia wapi, mjukuu wa jirani yangu aliniletea ganda la risasi. Alikuwa amelificha ndani ya soksi. Nilimgombeza sana, kwani tulikuwa tumeonywa tusiokote kitu chochote, na mtoto hajui tofauti ya ganda tupu na kitu kinachoweza kumkata mikono. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali alilokuja nalo: “Babu, hili ni zima?”

Yeye alikuwa na maana ya mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nilinyamaza kitambo, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kulipwa mshahara nilijibu, na kuna siku nililijibu vibaya.

Katikati ya miaka ya 1980 nilifanya kazi katika kampuni moja ya uwindaji wa kitalii huko kaskazini. Wakati huo fedha za kigeni zilikuwa adimu na risasi mpya zilifika kwa bahati. Bwana mkubwa wetu alikuwa na kibali cha kujaza risasi zake mwenyewe: unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unatoa fataki iliyokufa kwenye kitako, unatia mpya, unapima baruti, unakaza kichwa kipya mdomoni. Baruti na mizani vilikuwa vyake, hakuna aliyevigusa. Maganda yalikuwa yangu. Kuyaosha, kuyachagua na kuyatengeneza.

Msomaji ambaye hakuwahi kushika bunduki huenda akadhani ganda ni kitu cha kutupwa tu, kama ganda la ndizi. La hasha. Baruti inaungua na kwisha, risasi inakwenda zake, fataki inakufa. Ganda peke yake ndilo linalorudi. Limetengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, na kazi yake ni kutanuka wakati wa mlipuko, liuzibe mlango wa nyuma ili moto usimrudie mpigaji usoni, kisha linywee kidogo lipate kutoka. Likishindwa kutanuka au likipasuka, anayeumia ni yule aliyeweka shavu lake kwenye bunduki.

Niliyaosha kwa maji ya moto na ndimu, kama mama zetu wa pwani walivyosugua sinia za shaba. Nikiisha kuyaanika nilichukua matatu manne kiganjani na kuyatikisa karibu na sikio. Ganda zima hulia kama sarafu. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na mnunuzi wa chungu sokoni anayegonga kwa kidole anaijua sauti hiyo. Halafu nilitazama shingo, maana shaba inayotanuliwa na kubanwa mara nyingi inakuwa ngumu na hupasuka hapo kwanza. Dawa yake ni kuyasimamisha maganda ndani ya karai lenye maji hadi kiunoni, kuichoma shingo kwa moto wa gesi mpaka rangi igeuke, na kuliangusha ganda majini. Shingo inalainika na kitako kinabaki kigumu kama inavyotakiwa. Mtu akikosea akalainisha kitako, basi ametengeneza kitu kibaya kuliko alichokikuta.

Mwisho ulikuwa waya. Bunduki zetu nyingi zilikuwa za .375 ya Holland & Holland, risasi iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912, ambayo ganda lake lina mkanda juu ya kitako. Kila linapopigwa na kubanwa upya, shaba hunyooka, nayo hukonda juu kidogo tu ya ule mkanda. Kwa nje pengine unaona mstari unaong'aa, pengine huoni kitu. Kwa hiyo nilikunja ncha ya waya mwembamba, nikauingiza ndani na kuuburura ukutani mwa ganda toka chini kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha, hata liwe linang'aa kama pete ya arusi.

Nilikuwa na makopo matatu. La kwanza la mazima, la pili la kuponda na kuuza kwa mafundi. La tatu lilikuwa la mashaka: maganda yaliyopigwa mara nyingi mno, yenye alama nisizozielewa, yale ambayo waya ulisitasita ndani yake. Agizo la bwana mkubwa lilikuwa fupi. Kopo la kwanza ni la wageni wanaolipa dola. Kopo la tatu ni la kulengea shabaha, na la bunduki ya mlinzi wa kambi.

Sikuona ajabu wakati ule. Hata baadaye, nilipoanza kuona, nilijitetea kwa mfano wa wakubwa. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikileta silaha na risasi kwa jeshi la Lettow-Vorbeck. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaishambulia, nahodha akaipandisha ufukoni, nayo ikazama nusu. Shehena iliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1920, jinsi baruti na fataki zilivyozidi kuharibika, ikabidi risasi zote zifunguliwe, baruti isafishwe na baadhi ya fataki zibadilishwe. Kwa miezi kadhaa askari, wapagazi na kila mtu aliyepatikana walifanya kazi hiyo kule Moshi Mpya kuanzia asubuhi hadi usiku. Kisha wakachagua. Zilizosalimika ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Zilizojazwa upya, ambazo kama moja katika kila tano ilikataa kulia, zikaenda vitani mikononi mwa askari. Mbovu zaidi zikawa za mazoezi.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na siwezi kumhukumu kwa hesabu yake. Rashasha ikikwama kwa risasi moja iliyokataa, watu wengi hubaki wazi. Na kama angetupa kila risasi yenye shaka, askari angekwenda vitani na rungu. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, nao hawakukosea: maskini akisema atatumia kilicho kamili tu, hatalima kabisa. Sikubali basi kwamba kosa langu lilikuwa kuwa na kopo la tatu. Kila nyumba inalo. Hospitali inalo, gereji inalo, na mama anayegawa wali usiotosha analo.

Siku moja nyati aliyejeruhiwa na mgeni aliingia kambini kutoka kichakani. Mlinzi wetu, mtu mzima niliyezoea kumwita kaka, alimpiga vizuri begani. Alipovuta komeo ili apakie ya pili, kitako cha ganda kilitoka peke yake. Ganda lilikuwa limekatika juu ya mkanda, nusu ya mbele imebaki ndani ya bunduki, na risasi ya pili haikuweza kuingia. Nyati alimkuta akiwa angali anaisukuma. Walimpiga wengine na nyati akafa, lakini nyonga ya kaka haikupona sawasawa mpaka alipozikwa, miaka mingi baadaye.

Kitako kile nilikiokota mimi, nikakitambua kwa mkwaruzo niliokuwa nimeuacha. Siku nilipolipima ganda lile, waya ulikuwa umenasa. Ulinasa kidogo. Nikajiambia ni masizi, kwa kuwa ilikuwa jioni, na kwa kuwa, nitasema kweli, nilijua linakwenda kopo lipi. Kama lingekuwa linaelekea kopo la kwanza ningelisugua na kulipima tena. Bwana mkubwa alisema shaba ni shaba, mambo haya hutokea. Na ni kweli hutokea. Karne ya 19 huko India maganda ya jeshi la Waingereza yalipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, bila kupigwa. Baadaye sana, mwaka 1921, wataalamu walieleza kwamba ni amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi mazizini ndiyo iliyokuwa ikiila shaba iliyobaki na mkazo ndani yake. Mchaguaji gani angeliona hilo? Nilishikamana na habari hiyo nilipoisoma. Haikunisaidia, maana mimi nilikuwa nimeona.

Jambo moja katika habari ya Moshi lilinichukua muda kuling'amua. Askari wale walikaa wakifungua na kufunga risasi kwa mikono yao. Walijua wamebeba nini. Mtu anayejua kwamba moja katika tano itakataa husimama karibu na mti, hamsogelei adui kwa kiburi, humwomba mwenzake akae ubavuni. Wana haki ya kulalamika pia. Kaka hakujua. Asubuhi alipokea risasi tano zilizong'aa kwa ndimu yangu, akanishukuru, akazifuta kwa shati lake. Sikumwambia hata neno moja, nami niliweza: “Kaka, hizi si nzuri, kaa karibu na gari.” Yasingenigharimu kitu ila aibu ya kutamka kwa sauti ni nani amepewa kopo gani.

Alipokuwa hospitalini nilimpelekea uji na machungwa. Alinishika mkono akasema, “Mdogo wangu, nimesikia ulinibeba.” Nilikuwa kweli nimembeba. Nikaitika, nikamenya chungwa. Nilikuja kumtembelea mara nyingine tatu au nne kabla sijahamia Ukonga, na kila mara nilikuwa nimeyapanga maneno ndani ya basi.

Nilikwenda na yule mtoto kwa mjumbe wa mtaa ili ganda lichukuliwe na wanaohusika. Tulipokuwa njiani alitaka kujua kwa nini nilikuwa nimelitikisa karibu na sikio kabla ya kumjibu, na mimi nilimwambia. Nilimwambia na yaliyobaki, yule kaka na waya na kopo. Alikuwa wa kwanza kuambiwa. Alisikiliza huku akiruka madimbwi, kisha akauliza kama nyati aliliwa.