Je, Zamani Kulikuwa Kuzuri Kuliko Sasa?



Sisi tuliokwisha kupita miaka sabini tuna neno moja tunalolipenda kuliko dawa zote tulizoandikiwa hospitali. Neno hilo ni "zamani". Zamani watoto walikuwa na adabu. Zamani viongozi walikuwa waaminifu. Zamani muziki ulikuwa muziki, na samaki alikuwa mkubwa. Vijana wakitusikia huinamisha vichwa, nasi twadhani ni heshima, kumbe wanatazama simu.

Mambo haya yachekesha, lakini ndani yake mna swali zito ambalo yafaa tulifikiri pamoja. Mtu aliyeona mambo ambayo wengine hawakuyaona ana wajibu gani kwao? Watanzania wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka katika urais. Ya nyuma ya hapo watayajua kwa vitabu au kwa vinywa vyetu, na vitabu havisomwi sana. Basi neno la mzee si porojo ya barazani tu. Ni ushahidi. Kijana atautumia atakapopiga kura, atakapolea watoto, na atakapojiuliza adai nini katika nchi yake.

Mhubiri alikwisha kutuonya katika sura ya saba: kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi si kuuliza kwa hekima. Twaona hakukataza kukumbuka. Alikataza kutoa hukumu kwanza, ndipo kutafuta sababu baadaye.

Tuanze na mashine. Twasikia kila siku kwamba simu imeua mazungumzo. Huenda ni kweli kwa kiasi. Lakini nasi tulikuwa na mashine yetu, nayo ni redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Walisikiliza kipindi cha redio, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho na safura, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Mjukuu akiuliza kama redio ilikuwa bora kuliko simu, jibu la kweli ni kwamba redio peke yake isingechimba hata shimo moja. Kilichochimba ni jembe, na watu walilishika jembe kwa sababu walizungumza baada ya redio kuzimwa. Kumwambia kijana "simu ni mbaya" hakumpi kitu cha kufanya. Kumwambia "sisi tulikuwa tukimaliza kusikiliza, tunakaa na kujadiliana" kwampa.

Tena tutazame habari ya fedha. Zamani fedha za mtoto aliye mjini zilikuja ndani ya bahasha, mikononi mwa utingo wa basi au jirani anayerudi nyumbani, na pengine bahasha ilifika nyembamba kuliko ilivyoondoka. Tangu 2008 fedha hutumwa kwa simu, nazo hufika kabla mtoto hajamaliza kutuambia kwamba ametuma. Siku hiyo hatujamsikia mzee hata mmoja akiilaani simu. Hata hivyo hasara ipo. Bahasha ilikuwa na barua ndani yake, na aliyeileta alikaa, akanywa uji, akatueleza kama mtoto amekonda au amenenepa. Simu huleta fedha bila habari hizo. Faida ni ya kweli, na hasara ni ya kweli. Shahidi hana budi kuzitaja zote mbili.

Katika sanaa ndipo wazee huwa wakali zaidi. Twasema nyimbo za vijana ni kelele. Lakini tumkumbuke Edward Saidi Tingatinga. Mnamo 1968 alianza kuchora picha Dar es Salaam, akitumia ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vilivyopatikana kwa bei aliyoiweza. Hakusomea uchoraji shuleni. Wapo waliosema hizo ni picha za kuwauzia watalii tu. Alifariki mwaka 1972, akiwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka michache mno. Leo jina lake ni jina la namna nzima ya uchoraji, na Tanzania hujivunia picha hizo.

Hatusemi kwamba kila kelele ya leo itakuwa fahari ya kesho. Nyingi zitasahauliwa, kama nyimbo nyingi za ujana wetu zilivyosahauliwa. Tunazozikumbuka ni zile nzuri, na kwa sababu hiyo twadhani zote zilikuwa nzuri. Mchele wa zamani umekwisha kupepetwa, lakini wa leo ungali na pumba zake. Kuweka ungo wa mmoja karibu na gunia la mwingine, halafu kusema huu ni safi na huu ni mchafu, si haki.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku, na hapa ushahidi huanza kuuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kwa sababu nyingine pia kama kupanda kwa bei ya mafuta, bidhaa ziliadimika nchini. Twapenda kuwaambia wajukuu kwamba wakati ule tulipendana. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi kikagawanywa nyumba tatu. Jiwe lililowekwa kwenye foleni liliheshimiwa kana kwamba mwenyewe amesimama pale. Unga wa yanga tuliula, tukashukuru. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mlango wa nyuma wa duka ulikuwa na foleni yake, fupi kuliko ile ya mbele, na waliosimama huko walijulikana kwa majina. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu, na kumbe jirani yao hakuwa na sabuni ya kumwogeshea mtoto.

Kadhalika habari ya vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji. Wengi walipata shule na zahanati karibu nao, na hilo si jambo dogo. Lakini mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Bibi aliyeacha makaburi ya watoto wake kwenye shamba la zamani hawezi kuzisimulia siku zile kwa sauti ile ile ya karani aliyekuwa akiandika majina ya waliohamia. Zamani ya kweli ni ipi, ya bibi au ya karani? Ni zote mbili. Kwa hiyo shahidi mwaminifu, kabla ya kueleza aliyoyaona, atasema kwanza alikuwa amesimama wapi.

Mwisho tuitazame siasa. Mwaka 1991 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchini ikiwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika 1995. Hadi leo wapo wazee wanaonung'unika kwamba hawakusikilizwa. Lakini wengi wa wale waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe. Walisema "ndiyo, lakini". Tume iliisikia "ndiyo" yao, ikaisikia na "lakini", tena ikawapa uzito wale wawili katika kumi. Huko ndiko kumsikiliza shahidi. Kumsikiliza si lazima kumtii.

Basi kijana akituuliza, "Babu, enzi ya chama kimoja ilikuwa bora?" asipewe neno moja. Aambiwe kwamba mtoto wa mkulima maskini aliweza kusoma hadi Chuo Kikuu bila baba yake kuuza shamba. Aambiwe pia kwamba yako maneno yaliyosemwa kwa kunong'ona, na kwamba tangu 1962 ilikuwapo sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Asiyeambiwa la kwanza hatajua adai nini kwa ajili ya watoto wake. Asiyeambiwa la pili anaweza kuiachia haki yake bure, akidhani hakupoteza kitu. Kwa hiyo twasema kwamba jambo hili si mchezo wa wazee.

Pengine mtu atasema, "Waacheni wazee wajifurahishe. Meno yamekwisha, macho yanafifia. Mali waliyobaki nayo ni kumbukumbu." Mwingine atasema kwamba kuwaeleza vijana aibu za zamani ni kuivunja heshima yetu na ya taifa. Twawaelewa wote wawili. Lakini heshima inayodumu kwa sababu vijana hawajui ni heshima ya kuazima, na mwenyewe atakuja kuidai. Vijana watajua tu. Nao wakiyajua mabaya kwa njia nyingine, hawataamini hata yale mema tuliyowaambia, na mema hayo yalikuwa ya kweli.

Yatupasa tufanyeje, wazee wenzetu? Kwanza, tutaje mwaka na mahali, kwa maana "zamani" haina tarehe wala anwani. Pili, tuseme tulikuwa upande gani wa foleni. Tatu, tusiimeze "lakini". Nne, na hili ni gumu kuliko yote, tukiisha kusema tunyamaze. Shahidi akimaliza hutoka kizimbani. Haendi kukalia kiti cha hakimu. Vijana ndio watakaoishi katika nchi hii sisi tukiisha kuondoka, basi uamuzi ni wao.

Nanyi vijana, tuulizeni wakati tungalipo. Msiulize, "Zamani kulikuwaje?" maana mtapewa chai yenye sukari nyingi. Ulizeni: Mlikula nini? Nani alikosa? Nani aliogopa kusema, na kwa nini? Mkiuliza hayo, iwekeni simu chini nusu saa. Au, kama haiwezekani kabisa kuiacha, iwasheni irekodi sauti zetu. Hata sisi tutakubali kwamba hiyo ni kazi njema ya mashine.