Hadithi Inakaa Wapi: Kibao cha Chapa na Gome la Ituri

Uchapaji wa kibao ni sanaa inayoanza kwa kuondoa. Mchoraji hulainisha ubao, huchora juu yake picha anayoitaka, kisha kwa kisu, patasi na bobari hukata sehemu zote zinazotakiwa kubaki nyeupe. Kilichobaki kimeinuka ndicho hupakwa wino. Karatasi hulazwa juu yake, husuguliwa kwa mgongo wa kijiko au hupitishwa kwenye mashine ya kukandamiza, na ikibanduliwa picha huwa imegeuka: mkuki uliokuwa mkono wa kulia umehamia wa kushoto. Ndiyo maana anayetaka maneno ndani ya picha yake hana budi kuchonga kila herufi kinyumenyume. John Muafangejo wa Namibia (1943–1987), aliyejaza chapa zake sentensi nzima kuhusu kanisa lake la Kianglikana, vita na upweke wake, aliifanya kazi hiyo ya subira kwa miaka mingi. Yeye alikata linoliamu, ambayo ni laini kuliko mbao, lakini kanuni ni ileile.

Sanaa hii inabeba swali ambalo uchongaji wa sanamu hauliulizi kwa ukali huo. Kibao kimoja hutoa chapa ishirini au hamsini, na hakuna hata moja yenye haki ya kusema kwamba yenyewe ndiyo picha na zilizobaki ni nakala zake. Kibao nacho si picha: kimegeuzwa, kimelowa wino, wala hakikuchongwa ili kitazamwe. Basi msanii akisimulia hadithi kwa njia hii, hadithi hiyo inakaa wapi?

Plato angejibu bila kusita kwamba haikai popote karibu na ukweli. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anampanga mchoraji katika nafasi ya tatu: kwanza lipo umbo la kitanda, ambalo ni la kimungu, kisha kitanda cha seremala, kisha picha ya kitanda. Kwa hesabu hiyo chapa ya hamsini imepotelea mbali kabisa. Lakini watu wa dini waliposhika kibao walifikiri vingine. Gombo la Sutra ya Almasi lililochapwa China mwaka 868, ambalo ndilo kitabu cha zamani zaidi kilichochapwa chenye tarehe yake kinachojulikana, linaeleza mwishoni kwamba Wang Jie alilitoa ligawiwe watu bure kwa niaba ya wazazi wake wawili. Kuyazidisha maneno matakatifu kulikuwa thawabu, na aliyepokea gombo moja hakupokea pungufu ya mwenzake. Misri ya zama za kati nako, hirizi zenye aya za Kurani zilichapwa kwa vibao kwenye vipande vyembamba vya karatasi, zikakunjwa na kuvaliwa. Mvaaji hakuhesabu hirizi yake ni ya ngapi kutoka kwenye kibao. Alichotafuta kilikuwa ni aya, na aya haigawanyiki kwa sababu imeandikwa mara elfu.

Kwa jamii zilizolelewa na hadithi za mdomo, hakuna la ajabu hapa. Hakuna mjukuu anayemuuliza bibi kama hadithi ya sungura ya jana au ya leo ndiyo ya asili. Zote ni yenyewe, ingawa jana sungura alitoroka kwa hila na leo ametoroka kwa hila pamoja na wimbo. Kitabu ndicho kilichokuja na dhana ya maandishi mamoja yasiyobadilika, na misheni ikakileta kitabu. Kwa hiyo ni jambo la kuzingatiwa kwamba baadhi ya wasanii wa kwanza wa chapa waliotajika kusini mwa Afrika walitokea mikononi mwa misheni, na walichofanya ni kulirudisha Neno lililochapwa katika hali ya kusimuliwa. Azaria Mbatha (1941–2018), Mzulu aliyejifunza kukata linoliamu akiwa mgonjwa hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha akafanya kazi katika kituo cha sanaa cha Kilutheri cha Rorke's Drift, alimsimulia Yusufu katika visanduku vilivyopangwa safu kwa safu. Watu wa hadithi yake ni Waafrika, na ndugu waliomuuza mwenzao wana nyuso ambazo mtazamaji wa Zululand angezitambua. Je, huyo bado ni Yusufu wa Biblia? Wapo waliosema amegeuzwa. Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba Yusufu asiyeweza kuwa na uso wa Kizulu hajawahi kuwafikia Wazulu, na hadithi isiyofika haijasimuliwa.

Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inalipeleka swali hili mbali zaidi, kwa sababu huko hata kibao hakipo. Mto Shari hupita kando ya mji wa Bunia, huungana na mto Ituri, na maji yake huelekea magharibi kwenye msitu mkubwa wa Mambasa na Epulu. Wenyeji wa kale wa msitu huo ni Bambuti, wakiwemo Efe, Sua na Asua, na sanaa yao ya picha ni ya gome. Mwanamume hubandua gome la ndani la miti ya jamii ya mkuyu, hulilowesha, hulilaza juu ya gogo na kulipiga kwa nyundo ya pembe ya ndovu au ya mbao iliyochanjwa mistari, hadi nyuzi zilegee na gome litanuke kuwa kitambaa. Kisha kitambaa hupewa mwanamke, na picha ni yake. Maji ya tunda la gardenia yakichanganywa na makaa hutoa rangi nyeusi ya samawati isiyofutika kwa urahisi, naye huipaka kwa kidole au kwa kijiti. Mistari ya namna hiyohiyo huchorwa pia mwilini, kwa hiyo nguo inaweza kuendeleza kilichoanzia begani au pajani.

Ukiitazama nguo moja kwa karibu, jambo la kwanza kuonekana ni kwamba haina ulinganifu. Mistari myembamba inakwenda sambamba kwa utaratibu, kisha inakatika ghafla pasipo sababu inayoonekana. Upande wa pili vitone vimekusanyika, halafu unaanza mfumo mwingine kama wavu, usiojali ule wa kwanza uliishia wapi. Kati yao pana eneo tupu lenye rangi ya gome lenyewe. Hakuna mtu, hakuna mnyama, hakuna tukio. Mtu aliyezoea kusoma picha kutoka kushoto kwenda kulia hukwama palepale, na wengi wamekimbilia kuiita pambo tu.

Robert Farris Thompson, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, hakukubali kuishia hapo. Alizisoma nguo hizi sambamba na nyimbo za msitu, na huo ndio mlango wa kuaminika zaidi, maana wimbo wa Bambuti umejengwa vivyo hivyo. Sauti nyingi hupishana, kila mwimbaji akishika kipande chake kidogo, akinyamaza, akirudi. Wimbo hauko kinywani mwa mmoja, uko kati yao. Aliyesikia kimya cha mwimbaji mmoja kikijazwa na sauti ya mwingine hawezi tena kuliona lile eneo tupu la gome kama mahali ambapo mchoraji alichoka. Kwenye kibao cha chapa hali ni hiyohiyo kwa njia ya patasi: kilichokatwa na kutupwa ndicho kinachotoa mwanga wa picha.

Imani iliyo chini ya wimbo huo ilielezwa na mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi na Bambuti wa Epulu katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kuwahusu mwaka 1961. Msitu ni baba na mama. Mabaya yakitokea, kifo au uwindaji kukosa, si kwamba msitu una chuki. Umelala, nao lazima uamshwe kwa wimbo, tena wimbo wa furaha. Kwa ajili hiyo huletwa molimo, baragumu ndefu inayopigwa usiku na kujibiwa na waimbaji. Turnbull alitarajia kuona chombo cha mbao au mwanzi kilichochongwa kwa heshima kubwa. Akaonyeshwa bomba la chuma lililotoka kwa mafundi wa barabara. Mshangao ulikuwa wake peke yake; wenyeji walimweleza kwamba bomba linatoa sauti nzuri na haliozi kama mbao.

Tukio hilo dogo lina uzito mkubwa kuliko kurasa nyingi za nadharia. Mtazamaji wa nje aliuweka utakatifu katika kitu. Wenyeji waliuweka katika tendo, yaani sauti inayotoka, msitu unaosikia, watu waliokusanyika. Chombo kiliweza kubadilishwa kutoka mwanzi kuwa chuma bila molimo kubadilika, kwa sababu molimo haikuwa chombo hata mara moja. Nguo ya gome nayo iliishi kwa kanuni hiyo. Ilivaliwa, ikalowa mvua, ikachakaa, ikatupwa, na hakuna aliyedhani kwamba hadithi imetupwa pamoja nayo. Mchoro ulikuwa mkononi mwa mama, na binti alikuwa ameketi karibu akitazama.

Kutoka hapo jibu la swali la mwanzo linaanza kushika umbo. Hadithi hukaa katika kusimuliwa, pale mkono wenye ujuzi unapokutana na macho yanayoupokea. Kibao, karatasi na gome ni mashahidi wa mkutano huo. Uaminifu wa msimuliaji basi haupimwi kwa kufanana na nakala iliyotangulia. Hupimwa kwa kuuliza kama amekipokea kweli kile alichokabidhiwa na kama amekifikisha.

Katika Uganda jirani yupo msanii ambaye kazi yake inaonyesha jambo hili hata ndani ya uchapaji wenyewe. Fred Mutebi, aliyesomea sanaa Makerere, huchapa kwa rangi nyingi akitumia ubao mmoja. Hukata kidogo, huchapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote. Huukata tena ubao uleule, huchapa rangi ya pili juu ya ya kwanza. Huendelea hivyo mpaka ubao umeliwa karibu wote. Kosa la patasi katika rangi ya nne halirekebishiki, na kazi ikiisha hakuna awezaye kurudi kuchapa nyingine. Zinabaki chapa kadhaa zinazofanana, na chanzo chao hakipo tena duniani. Mutebi amefanya kazi pia na watengenezaji wa lubugo, nguo ya gome ya Buganda, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za binadamu. Gome la mti wa mutuba hubanduliwa, shina likafungwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya likaota kwa ajili ya mavuno mengine.

Lipo pingamizi zito. Ikiwa hadithi haikai katika kitu, wala haina chanzo kimoja, basi haina mwenyewe, na yeyote anaweza kuichukua. Historia ya gome la Ituri inaonyesha jinsi hoja hiyo inavyoweza kutumiwa vibaya. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 nguo nyingi zilitoka msituni zikaingia kwenye makusanyo na nyumba za sanaa za Ulaya na Marekani. Mwaka 1991 jumba la makumbusho la Dapper mjini Paris lilizifanyia maonyesho. Zilithaminiwa, na ilikuwa haki zithaminiwe. Lakini chini yake iliandikwa jamii na eneo, mara chache sana jina la mwanamke aliyechora. Katika kambi za msituni jina halikuandikwa kwa sababu halikuhitajika: kila mtu aliujua mkono wa nani ulichora nini. Ukutani Paris jina halikuandikwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Hali hizi mbili zinafanana kwa nje tu. Kama hadithi ni tendo, basi anayestahili heshima ya kwanza ni mtendaji, na kuhifadhi nguo huku mkono ukisahauliwa ni kuhifadhi ushahidi na kumwacha shahidi.

Na mkono huo umekuwa hatarini. Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, operesheni ya kijeshi iliyoitwa kwa Kifaransa Effacer le tableau, yaani “kufuta ubao”, ilipita katika eneo la Mambasa na kuelekea Beni. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha mauaji, ubakaji na uporaji, na Bambuti walikuwa miongoni mwa walioteswa. Familia zikitawanyika kwenye kambi za wakimbizi, mbali na mkuyu na mbali na wazee, nguo iliyoko Ulaya haiwezi kumfundisha msichana chochote, hata iwe imetunzwa vizuri namna gani.

Kwa sababu hiyo suala la hadithi linageuka kuwa suala la ardhi. Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 14,000, na Bambuti huwinda na kuokota chakula ndani yake huku wachimba dhahabu wakiwasogelea. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Kongo kutungwa mahsusi kulinda haki za watu wa asili wa msitu. Mti wa gome, tunda la wino na wimbo wa usiku vyote hutoka katika msitu huo. Anayefungiwa kuuingia hapotezi mahali pa kulala tu. Anapoteza ubao wake, wino wake na wasikilizaji wake kwa siku moja.