Mzigo Husomwa kwa Mbebaji

Msimu wa mahindi ukifika hapa Songea, mimi hushinda nikitengeneza mizani za wanunuzi. Ukiinua bamba la juu unaikuta lodiseli: boriti fupi ya chuma yenye tundu katikati, upande mmoja umekazwa kwa bolti, wa pili unapokea uzito. Imegandishwa geji nne nyembamba kama karatasi, waya wake umekunjwakunjwa. Gunia likitua, boriti inapinda kiasi ambacho jicho halioni. Geji mbili zinavutika, mbili zinabanwa, na ukinzani wa kila moja, omu 350, unabadilika kwa chini ya omu moja. Kilo za kwenye kioo zinatoka hapo. Edward Simmons na Arthur Ruge walibuni geji hizi Marekani mwaka 1938, kila mmoja kivyake.

Mizani hii haina habari na gunia. Inasoma kilichompata mbebaji. Gunia lilelile kwenye boriti nyembamba zaidi lingeipinda zaidi.

Kwetu Majengo, mtu akipatwa na msiba huambiwa Mungu hampi mja asichokiweza, na wasemaji hutegemea aya ya mwisho ya Suratul Baqara. Jirani yangu, aliyeachiwa watoto wa marehemu dada yake juu ya wanawe, aliambiwa hivyo na watu waliokuwa tayari wamevaa viatu. Aya hiyo naiamini kwa moyo wote, ndiyo maana siwezi kukubali itumike kumfungia mtu mlango. Inahusu anachotudai Mungu: asiyeweza kusimama huswali ameketi, mgonjwa hufungua saumu. Haisemi kwamba sisi kwa sisi hatuwezi kuelemeana. Tena inaishia kwa dua ya kuomba tusitwishwe tusiyoyaweza. Tungefundishwa kuomba hivyo kama kuelemewa hakupo?

Boriti iliyozidishiwa naitambua hata ikiwa tupu. Unashusha gunia, unafuta bamba, na kioo bado kinaonyesha kilo kadhaa. Chuma hakijarudi kilipokuwa. Asubuhi moja nilimkuta jirani yangu kibarazani, watoto wote wako shule, hana ndoo wala kuni mkononi, anahema kama aliyetoka kupanda mlima.

Nilimweleza shehe wetu hayo. Akaniuliza, "Na mja asiyesema kwamba ameelemewa?"

"Boriti nayo haisemi, shehe. Lazima mtu akae nayo karibu."

Watoto wawili wakubwa sasa wanalala kwetu. Nyumba ya pili imechukua sare na madaftari. Wadogo bado wako kwa mama yao mdogo, na jioni mke wangu huenda kuketi naye.