YANAKUHUSU NINI?

Kijana mwenzangu, soma karatasi hii mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Wayahudi milioni 6 waliuawa na Wanazi wa Ujerumani na wasaidizi wao, kabla vita haijaisha mwaka 1945. Wazee, akina mama, hata watoto wachanga. Kosa lao? Kuzaliwa Wayahudi! Utasema, "Aa, hayo ya Wazungu bwana, tena ya zamani. Yananihusu nini?"

Swali zuri. Hebu tulijibu.

Je, unadhani mauaji yale yalianza Auschwitz? La! Yalianza na MDOMO. Eti Wayahudi wameshika fedha zote, eti ndio walioiharibu nchi. Nao katika Ujerumani hawakufika hata mtu 1 kati ya 100! Mwaka 1933 Hitler akashika madaraka, watu wakaambiwa wasinunue katika maduka yao. Mwaka 1935 sheria ikawavua uraia. Novemba 1938 masinagogi yakachomwa moto. Hatua kwa hatua, na majirani wengi wakanyamaza kimya.

Wengine walisingizia dini, eti Wayahudi walimwua Kristo. Ndugu yangu, Yesu mwenyewe alizaliwa Myahudi! Mama yake Myahudi, mitume wake Wayahudi. Aliyetoa hukumu ni Pilato, Mrumi, na waliompigilia misumari ni askari wa Kirumi. Mtoto aliyezaliwa Warsaw miaka 1900 baadaye anaingiaje hapo?

Sasa njoo karibu. Mwaka 1994 huko Rwanda, redio iliwaita Watutsi "mende". Mende akikanyagwa nani hulia? Kwa siku kama 100 watu mamia ya maelfu wakauawa, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia. Hao nao ni Wazungu? Ugonjwa ni ule ule!

Basi yanakuhusu, kwa sababu una mdomo na una jirani. Hatukumbuki ili ubebe dhambi usiyoitenda. Tunakumbuka ili uitambue hatua ya kwanza ukiiona. Kuikosoa serikali ya Israel ni jambo moja. Kumchukia mtu kwa sababu ya damu yake ni jambo jingine kabisa.

Kila tarehe 27 Januari, siku Auschwitz ilipokombolewa mwaka 1945, dunia hukumbuka. Tarehe 7 Aprili hukumbuka Rwanda. Lakini wewe usingoje tarehe. Kesho kijiweni mtu atasema, "Kabila lile wote nyoka." Je, utacheka nao? Utanyamaza?

Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, akajifanya hajui. Usijibu kama Kaini. AMUA LEO!