Damu na Hukumu

Kabla ya posa kukubaliwa, wazee huuliza kwa sauti ya chini: ukoo ule una maradhi gani? Jibu laweza kuvunja ndoa. Sayansi nayo imeuliza swali hilo juu ya bipola, maradhi ya akili yampandishayo mtu katika uchangamfu upitao kiasi, kisha yakamshusha katika majonzi mazito. Maradhi haya huandama baadhi ya koo, na wataalamu wamezifuata koo hizo.

Walifuatwa Waamishi wa Pennsylvania, Marekani, watu wa dini waoanao wao kwa wao na kuhifadhi nasaba zao. Mwaka 1987 Janice Egeland na wenzake walitangaza kuwa katika ukoo mmoja asili ya maradhi ilielekea kuwa katika kromosomu ya 11. Tangazo lilivuma, na mwaka 1989 likatanguka. Watu wawili waliohesabiwa wazima walikuwa wameugua, na jamaa zaidi walipochunguzwa ushahidi ukatoweka. Utafiti wa mwaka 2021, uliowalinganisha wagonjwa zaidi ya 40,000 na watu wengine zaidi ya 370,000, ulionyesha sehemu 64 za urithi, kila moja ikiwa na nguvu ndogo.

Je, ni haki kuipekua damu ya ukoo? Wako wakataao, kwa hofu kwamba jina la ukoo litatiwa doa. Hofu yao ina msingi, walakini kimya nacho hudhuru. Kijana asiyejua maradhi ya jamaa zake huweza kuzidharau dalili za kwanza, akachelewa kupata tiba. Upekuzi basi ni halali, ila una deni. Aliyetoa damu yake amewapa wageni amana. Anastahili kutunziwa siri, na kuambiwa ukweli hata ukweli huo ukiwa kwamba watafiti walikosea.

Deni jingine ni la jamii. Wazima wawili wa mwaka 1987 walikuwa wagonjwa kabla ya mwaka 1989 kwisha. Nani basi aweza kujiapia kuwa ukoo wake umo salama ng'ambo ya pili? Urithi huelekeza, hauhukumu. Hata pacha wa kufanana, mmoja huugua na mwingine akapona nao. Wazee wana haki ya kuuliza wakati wa posa. Swali lililo bora kwao ni hili: mmoja wa wana hawa akiugua, nani atamwuguza?